Kutoka Dodoma kwenda kulala kisiwani kwa kayaki: Mbudya, Maziwe, Kilwa au Mafia?

Mkazi_wa_Kisasa

Habari zenu wakuu. Tuko wanne hapa Dodoma, wote waajiriwa, na tunataka safari moja ya baharini: tupige kafi wenyewe mpaka kisiwani, tufunge mahema, tulale, kesho yake turudi. Boti ya kwenda kula samaki na kurudi jioni tumeshaizoea. Wawili wetu tunaogelea vizuri, mmoja kiasi, wa nne ndiyo anajifunza kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini.

Nimekuwa nikilinganisha sehemu nne:

Mbudya. Kutoka ufukwe wa Kunduchi ni kama kilomita tatu. Faida kubwa ni usafiri. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, ukipanda treni unakuwa Dar baada ya kama saa nne, basi hata mwisho wa wiki mmoja unatosha. Wasiwasi wangu ni kwamba ni karibu mno na mji, kelele za Jumamosi nazijua.

Maziwe, mbele ya Ushongo kule Pangani. Picha zake zinanikosesha usingizi. Mchanga mweupe katikati ya bahari, hakuna nyumba, hakuna mtu. Kutoka ufukweni ni kama kilomita nane. Njia kwetu ni Morogoro, Chalinze, Segera, kisha Pangani na kuvuka mto kwenda Bweni. Siku nzima barabarani.

Kilwa Kisiwani. Mlango wa bahari kati yake na Kilwa Masoko ni mwembamba, na kuna magofu ambayo tangu shule ya msingi natamani kuyaona. Ila ukishafika Dar bado una zaidi ya kilomita 300.

Mafia, ndani ya ghuba ya Chole. Sijaichambua sana.

Moyo wangu uko Maziwe. Naombeni maoni ya waliokwenda, hasa kuhusu miezi ya kwenda na aina ya kayaki.

Binti_Bweni

Kaka, Maziwe ifute kwenye orodha ya kulala. Sikuvunji moyo, mimi ni wa huku na kile kisiwa nakipenda kuliko vyote ulivyotaja.

Maziwe ya leo ni fungu la mchanga. Wazee wetu walikiona kikiwa na mivinje, lakini miti yote iliondoka na mmomonyoko miaka mingi iliyopita. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakijaa mchanga wote unafunikwa. Kasa bado wanapanda kutaga, na mayai yao yanahamishiwa ufukwe wa bara kwa sababu yakiachwa pale yanazama. Sasa kama yai la kasa haliwezi kulala Maziwe, hema lako litalala wapi?

Njooni kwa mchana mmoja, na boti ya wenyeji iwafuate. Kulala laleni Ushongo, ufukweni. Na hizo kilomita nane ni bahari ya wazi, siyo ya mtu anayejifunza kuogelea.

Mkazi_wa_Kisasa

Ahsante dada, hilo la kufunikwa na maji sikulijua kabisa. Picha zote zimepigwa maji yakiwa yamekupwa.

Mzee_wa_Dau

Wanangu, salaam. Naona mnapima uzuri wa kisiwa na urefu wa barabara. Hayo yana nafasi yake, lakini anayekwenda kwa nguvu ya mikono aanze na swali lingine: mikono ikichoka katikati ya njia, upepo na maji vitanipeleka wapi? Kisiwa kikiwa na jibu jema kwa swali hilo, kinafaa. Kikikosa, hata kiwe kizuri namna gani, kiacheni.

Chukueni Mbudya. Bara iko magharibi yake, na ufukwe wa kushukia uko upande huo huo unaotazama bara, kwa hiyo kisiwa chenyewe kinawakinga na mawimbi ya nje. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini mashariki: ukichoka utasukumwa juu kuelekea Ununio na Mbweni. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, utasukumwa chini kuelekea Mbezi Beach. Misimu yote miwili unaishia bara, kwenye mchanga na kwenye watu. Hatari ni kupitiliza upande wa nje wa kisiwa, kwa hiyo kaeni upande wa ndani siku zote, huko nje kuna njia ya meli.

Kuhusu miezi. Juni mpaka Agosti kusi limeshika, msije. Machi mwishoni mpaka Mei ni masika. Wakati wa watu wa makafi ni maleleji, kusi likishachoka na kaskazi halijashika: Oktoba na Novemba. Februari nayo ina siku nzuri, ila kaskazi hugeuka kali bila taarifa. Vyovyote iwavyo, sikilizeni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, hakuna safari, hata kama nauli imelipwa.

Kuhusu maji, hapa ndipo watu wa bara hupotea. Pwani yetu mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu saa nne. Tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu. Ukifika ufukweni saa nne asubuhi siku ya bamvua, utakuta bahari iko mbali, na kayaki yenye mizigo mtaibeba juu ya mwamba na majani ya bahari mpaka mgongo ukatae. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: yanajaa karibu saa nne asubuhi, yanapanda na kushuka kidogo tu, na mikondo inatulia. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kama dakika hamsini. Basi tafuteni Jumamosi iliyo karibu na nusu mwezi, muingie majini saa moja asubuhi wakati umande kutoka bara bado unavuma pole na bahari ni shwari. Mtafika maji yakiwa yanaendelea kujaa, na mtashuka karibu na miti. Kurudi Jumapili, hivyo hivyo, mapema. Ikishafika saa sita upepo wa baharini umeamka.

Kafi_Mbili

Mzee kamaliza kila kitu kuhusu bahari, mimi niongeze kuhusu chombo.

Kayaki za kukodi kwenye hoteli za Kunduchi na Mbezi Beach nyingi ni zile za kukaa juu, plastiki nzito. Watu wanazidharau kwa sababu ni pana na hazikimbii. Kwa kundi lenu ndizo bora. Ikipinduka unaigeuza, unapanda tena, haina maji ya kuchota. Ile ndefu ya bahari ya kukaa ndani inakata maji vizuri na inabeba mizigo tumboni, lakini ikijaa maji na hujui kuitoa, umekwama nayo. Msiitumie kabla ya kufundishwa na kurudia mpaka mwili uzoee.

Za kujaza upepo zinavutia kwa mtu wa Dodoma, unaikunja, unapanda nayo treni. Tatizo ni upepo: chombo chepesi kinachokaa juu ya maji kinapeperushwa. Na Mbudya ina miamba yenye makali. Mimi siwashauri, hata zile za bei kubwa.

Jambo la kuulizia kabla ya kukata tiketi: mwenye kayaki anakubali ilale nje? Wengi wanataka irudi jioni. Mkubaliane kwa maandishi, na mumtafute mwenye boti wa Kunduchi abebe maji, mahema na huyo mwenzenu anayejifunza kama bahari itakuwa imechafuka. Kuwa na boti hakupunguzi utamu wa safari.

Chiku_wa_Miyuji

Samahanini, swali la pembeni. Na mimi nipo Dodoma. Mazoezi je, tunaweza kufanyia Mtera au Hombolo? Ni karibu na maji yametulia.

Kafi_Mbili

Mtera hapana dada. Kuna mamba na viboko, na kiboko hakimbiliwi kwa kafi. Maji ya bwawa yaliyotulia yana kichocho pia. Bwawa la kuogelea linatosha: piga bila kusimama nusu saa, rukia majini ukiwa na jaketi okozi, rudi juu ya chombo bila kusaidiwa, rudia ukiwa umechoka. Nguvu ya mabega itafuteni nchi kavu.

Mtu_wa_Masoko

Naona Kilwa mnaipita haraka. Niwaombe muifikirie kama mna siku tano au zaidi. Bandari ya Kilwa imezungukwa na nchi na visiwa, siyo bahari ya wazi kama ya Maziwe, na ukishuka Kisiwani unatembea kati ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Urithi wa dunia tangu 1981. Hakuna kisiwa kingine kati ya hivyo vinne kitakachowapa kitu hicho.

Masharti mawili. Kwanza kibali cha kuingia kwenye magofu kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, na magofuni hapalaliwi. Pili, Kisiwani wanaishi watu. Mnapiga hodi kwa uongozi wa kijiji, mnaonyeshwa pa kufunga mahema, mnavaa nguo za heshima. Na mkondo wa pale mlangoni unaingia na kutoka na maji, kwa hiyo maneno ya mzee kuhusu maji mafu yanahusika zaidi huku.

Mzee_wa_Dau

Kweli kabisa ndugu yangu. Kilwa naiunga mkono kwa safari ya pili. Mafia pia waiweke hapo. Ghuba ya Chole ndani ni tulivu, ila mlango wa Kinasi, wa kutokea bahari ya wazi, una mkondo ambao hata wapiga mbizi wanauheshimu. Kuanzia Oktoba mpaka Machi papa potwe, wale papa wakubwa wapole, wanakuja upande wa Kilindoni, ni jambo la kuona. Lakini kwenda Nyamisati, kuvuka kwa feri, kisha kufika Utende kwenye ghuba, na tozo ya hifadhi kwa kila siku: hiyo ni likizo, siyo mwisho wa wiki.

Mkazi_wa_Kisasa

Nimewasikia. Tumekaa jana usiku, tumekubaliana Mbudya, Novemba. Wa nne wetu atavuka na boti ya mizigo, kama akiwa tayari atarudi kwa kayaki. Jaketi okozi kila mmoja na yake, mwilini muda wote, siyo chini ya kiti. Nisaidieni kuhusu vitu vya kubeba.

Binti_Bweni

Maji kwanza. Kisiwani hamna maji ya kunywa, na ninyi mmezoea joto kavu, joto la pwani lenye unyevu litawatoa jasho jingi na jua litawakausha. Lita tano kwa mtu kwa siku, kwenye madumu madogo yanayoweza kugawanywa, msiweke yote sehemu moja.

Nguo, mikate na simu viwekeni kwenye ndoo za rangi zenye mfuniko wa kubana. Osheni vizuri, paka mafuta kidogo kwenye ukingo wa mfuniko, halafu funga kwa mpira wa baiskeli. Maji hayaingii na ikidondoka inaelea. Miguuni yeboyebo za kufunga nyuma, msitembee peku kwenye mwamba.

Chiku_wa_Miyuji

Chakula bebeni cha kwetu. Karanga, zabibu kavu, ubuyu, na mlenda wa kukausha. Mfuko mdogo wa mlenda unalisha wanne, na unaiva kwa moto kidogo.

Kafi_Mbili

Moto wenyewe uwe wa jiko la gesi dogo. Mbudya ni hifadhi tangu 1975, hakuna kukata mti wala kuokota matumbawe. Mkilipia kiingilio waambieni Hifadhi za Bahari mapema kwamba mnalala, mpewe utaratibu wa mahema.

Chakula kifungeni. Usiku hutoka kaa wakubwa wa minazi, wana nguvu ya kuburuta mfuko. Wamulikeni, wapisheni, msiwashike.

Mzee_wa_Dau

La mwisho. Mkishuka, angalieni mstari wa majani makavu ya bahari kwenye mchanga. Kunakuwa na zaidi ya mmoja: ulio chini ni wa maji ya jana, ulio juu kabisa, mweusi na umechanganyika na vijiti, ni wa bamvua lililopita. Kayaki na mahema viwe juu ya huo wa juu, hata kama mmekwenda maji mafu. Kisha kila kayaki ifungwe kamba kwenye mti, kichwa na mkia. Makafi lazeni ndani ya hema.

Mkazi_wa_Kisasa

Ahsante mzee wangu. Nusu mwezi ya Novemba nimeshaitafuta kwenye kalenda, tunapanda treni ya Ijumaa mchana. Mwenye kumfahamu mwenye boti mwaminifu pale Kunduchi aniandikie kwenye ujumbe wa faragha.