Wiki ya bahari chekechea, tuko Moshi: mafuta yameganda kwenye chupa, na ngoma ya mawimbi natengenezaje?

Mwl_Njoro
Habari zenu walimu. Darasa lina watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano, msaidizi mmoja, kipindi dakika 40. Mada ya wiki ijayo ni bahari, na wengi hawajawahi kuiona. Natafuta chombo cha muziki chenye sauti ya mawimbi ambacho mtoto atashika mwenyewe, na kazi ya mikono isiyotegemea mkasi. Halafu kuna chupa ya mfano: maji ya bluu chini, mafuta ya kula juu. Jioni ilipendeza, asubuhi mafuta yameganda meupe kama samli. Nikiyayeyusha na kutikisa, chupa nzima inaonekana kijani. Kosa liko wapi?

FundiKadibodi
Mwalimu, hayo ni mafuta ya mawese yaliyosafishwa, yale yanayopimwa dukani kutoka kwenye dumu. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu inatosha kuyagandisha. Ukiyaweka juani yatayeyuka, kesho asubuhi utayakuta vilevile. Alizeti iliyochujwa vizuri haigandi kwa baridi ya Moshi, ila bado ni ya njano, na vitone vya njano vikitawanyika ndani ya bluu jicho linaona kijani. Yanayofaa kabisa ni mafuta ya maji ya kupaka watoto, yale yasiyo na rangi.

Chupa ya nusu lita: maji mililita 300, rangi ya chakula matone mawili au matatu, koroga, kisha jaza mafuta mpaka shingoni. Rangi iingie kwenye maji kabla ya mafuta, kwa kuwa haiyeyuki kwenye mafuta. Itabaki vidonge vidonge vinavyoshuka taratibu. Ikizidi, maji yanakuwa meusi na wimbi halionekani. Usiache hewa nyingi juu, maana hewa inaleta mapovu badala ya wimbi refu. Chupa iliyowahi kuwekwa sabuni usiitumie hata ukiisuuza vipi: sabuni kidogo tu inafanya mafuta yachanganyike na maji, yakae kama maziwa.

Kufunga ndiko wengi wanakoharibu. Futa uzi wa shingo kwa kitambaa kikavu kwanza, gundi haishiki penye mafuta. Supagluu apake mtu mzima, watoto wakiwa nje. Na chupa inalazwa, inainuliwa upande mmoja polepole. Haitikiswi.

Kayamba_Arusha
Kwenye muziki: ukipata kayamba halisi la matete, la watu wa pwani, usihangaike na kitu kingine. Liinamishe taratibu badala ya kulitikisa, wimbi hilo.

Kama hulipati, chukua vifuniko viwili vya boksi la viatu vya kipimo kimoja, vitazamane, katikati choroko gramu 100 (kama nusu kikombe cha chai). Choroko ni za mviringo, zinabingirika moja moja, sauti inakuwa ndefu. Mchele ni bapa, unateleza kwa mkupuo na kunyamaza. Maharage yanagonga kama mvua ya mawe. Ukitaka na ule mchirizi wa povu mchangani, ongeza vijiko viwili vya ulezi. Kifuniko kikiwa laini kitabonyea katikati na nafaka zote zitalala hapo, kwa hiyo bandika kadibodi ya pili kwa ndani. Selotepu izunguke ukingo mara mbili, na kila asubuhi kagua pembe. Choroko ikiingia puani inavimba kwa unyevu, na watoto wa miaka mitatu hawakuambii.

Saba zinatosha: kundi la wanne boksi moja, zamu kwa zamu. Hesabu nne kuinamisha, mbili kutulia, nne kurudisha. Hizo mbili za kutulia ndizo ngumu, na ndizo zinazoleta bahari. Bila hizo una kelele tu.

Wimbo uwe wa kuitikiana, kila mstari silabi sita, upande kwa mwendo wa kubembea:

*Maji yanajaa!* – Sogea, sogea!
*Maji yanakupwa!* – Rudi, rudi nyuma!
*Kaa yuko wapi?* – Shimoni, shimoni!

Wanaitikia huku wakipiga hatua mbele, nyuma, kisha kuchuchumaa. Sauti zisipande zaidi ya do hadi sol. Walimu wanaume, msianzie chini kwenye sauti zenu. Mtoto hafiki huko, anaishia kunguruma.

MamaChekechea
Naongezea kwenye chupa: usiwape watoto 28 kila mmoja yake. Nne za darasa zinatosha, muda uliobaki wachore.

Kazi bila mkasi: krayoni na rangi ya maji. Mtoto anachora samaki kwa krayoni nyeupe au njano, kisha anapaka bluu nyepesi karatasi nzima. Nta inakataa maji, samaki anabaki. Wa miaka mitatu hawakandamizi vya kutosha na samaki anafunikwa. Wape kipande cha mshumaa, kinaacha nta nzito hata mkono ukiwa mlegevu. Karatasi ya daftari inalowa na kuchanika, tumia manila. Rangi ikiwa bado inang'aa kwa maji, nyunyizia chumvi ya mawe chache: inanyonya maji na kuacha alama kama mapovu. Ikishakauka, chumvi haifanyi chochote.

Na kasa wa trei ya mayai, kikombe kimoja kwa mtoto, ukate wewe usiku. Angalia wasimchoree miguu yenye kucha kama kobe wa bustanini. Kasa ana makasia manne, na kichwa hakirudishi ndani ya gamba. Kaa ana miguu kumi ukihesabu na magando mawili. Pweza minane.

Mwl_Njoro
Asanteni sana. Vipi gundi? Ya dukani haitoshi watoto 28. Na kitambaa cha kufanya mawimbi?

MamaChekechea
Unga wa ngano kikombe kimoja, ukoroge kwanza kwenye maji baridi kikombe kimoja mpaka mabuja yaishe, ndipo umimine kwenye maji vikombe vitatu yanayochemka, ukikoroga dakika mbili tatu. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji moto utapata madonge. Kijiko cha chumvi kinachelewesha kuchacha, lakini baada ya siku tatu mwaga. Kwenye trei ya mayai ipake nzito. Ikiwa majimaji trei inalainika.

Kayamba_Arusha
Kitambaa: pazia jepesi la neti la mitumba, sokoni Kiboriloni hapo Moshi utapata, la mita mbili au zaidi. Shuka la pamba ni zito, halipandi. Watoto wanane pembeni, wengine wanaimba, mnabadilishana kila baada ya mizunguko mitatu ya wimbo.