Kingamwili ya kaspezi-3 haionyeshi bendi ya 17, na seli zinakufa kweli. Nakosea wapi?

BintiPantoni
Wakuu, habari za jioni. Wiki ya tatu hii silali vizuri, na dola mia nne za watu zimeshakwenda.

Niko mwaka wa pili wa uzamili. Nafanyia kazi majani ya mwarobaini juu ya seli za saratani ya titi, MCF-7. Seli zinakufa, hilo halina ubishi. Kwenye hadubini zinanywea, zinaachia sakafu ya chupa na kuelea kama dagaa kwenye sufuria. Nataka kuonyesha kwamba zinajiua zenyewe, siyo kwamba nimeziunguza. Ndiyo maana naisaka kaspezi-3, kile kimeng'enya kinachokatakata protini seli ikishaamua kufa. Kikiwa kimelala kina kilodaltoni 35 hivi (ndicho kipimo cha uzito wa protini). Kikiamka nacho kinakatwa, na kipande chake kikubwa kinakaa kwenye 17 na 19.

Kingamwili niliyonunua inashika kizima na kilichokatwa. Nimepiga bloti mara nne, yaani kutenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzisaka kwa kingamwili. Napata bendi moja hafifu jirani na 35, zenye dawa na zisizo na dawa sawasawa. Kwenye 17 peupe. Aktini, protini ya kila seli ninayoitumia kama kipimo cha kulinganishia, iko safi kwenye 42.

Mimi nashuku safari. Kifurushi kilikwama siku nne kikisubiri karatasi, na nilipokifungua pakiti za barafu zilikuwa vuguvugu kama chupa ya uji. Joto la Februari la Dar mnalijua. Je, imeharibika? Msimamizi wangu nikimtajia dola mia nne nyingine atanihamishia kitengo cha kuosha chupa.

PipetiMbovu
Dada, jeli asilimia ngapi? Na utando una matundu ya ukubwa gani? Kwa mikroni 0.45 kipande kidogo kama hicho kinaweza kupita kama maji kwenye chujio. Halafu angalia kama kuna mtu ameweka sodiamu azaidi kwenye bafa yenu. Inazima HRP, kile kimeng'enya cha kwenye kingamwili ya pili kinachofanya bendi ionekane, unabaki na utando mweupe unadhani umelogwa.

BintiPantoni
Jeli ya 15, utando wa plastiki ya PVDF wa 0.2, niliulowesha kwenye methanoli kwanza. Azaidi hakuna, bafa nachanganya mwenyewe.

MamaSentrifyuji
Marahaba mwanangu, hata kama hukuniamkia.

Tuanze na kichupa. Kama kingamwili yenyewe imewekwa kwenye gliserini nusu kwa nusu, siku nne za joto si msiba. Kingamwili ni ngumu kuliko tunavyozidekeza. Kinachozichosha zaidi ni kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, na kwa umeme wetu huu hilo linakuja bila kuitwa. Yenye gliserini hiyo haigandi kwenye friza ya -20, iache humo humo.

Ila mimi kichupa hakinisumbui. Nilipofika kwenye neno MCF-7 niliweka chai chini. Seli hizo HAZINA kaspezi-3! Jeni yake imepungukiwa herufi 47 kwenye eksoni ya 3 (kipande cha jeni chenye maelekezo ya protini), Jänicke na wenzake wameliandika hilo 1998. Kimeng'enya hakitengenezwi kabisa. Wewe unamgongea mtu mlango kwenye nyumba ambayo hajawahi kupanga.

Kwa hiyo peupe pa 17 ndilo jibu lenyewe. Kinachonitisha ni hiyo 35 yako. Ni nani huyo? Kata kipande cha utando, ruka kingamwili ya kwanza, weka ya pili, ile inayoishika ya kwanza, peke yake. Bendi ikibaki, basi ya pili inashika ovyo. Halafu omba HeLa kwa majirani, seli za saratani zenye kaspezi-3, zipe staurosporini, dawa ya kuzifanya zijiue, mikromola 1 kwa saa nne, ndiyo uone kama kingamwili yako ni nzima.

PipetiMbovu
Mama, mimi niliwahi kukaa na MCF-7 miezi miwili nikitafuta hiyo hiyo 17. Sikutaka kusema.

BintiPantoni
Shikamoo mama. Jibu lako nililisoma nikiwa katikati ya kivuko, nusura simu iende kwa papa.

Nimerudi na majibu. Umeme ulikatika wakati nahamisha protini kutoka kwenye jeli na jenereta likagoma, nikarudia kesho yake. HeLa zenye staurosporini: 17 na 19 hizo hapo, nyeusi, mbili zimebanana kama abiria wa daladala. Njia ya MCF-7, yaani mstari wake kwenye utando, pembeni yake peupe. Na kile kipande kisicho na kingamwili ya kwanza kimetoa bendi yangu ile ile ya wiki tatu! Nikaweka rula: 35 ya HeLa iko chini yake kidogo, kama unene wa sarafu. Nilikuwa naiangalia kila siku na sikuona.

Sasa kichwa cha pendekezo langu kimeandikwa "kaspezi-3", na kimeshapigwa muhuri.

MamaSentrifyuji
Muhuri haurudishi herufi 47. Mwambie msimamizi mapema, na umpelekee picha ya HeLa na MCF-7 zikiwa kwenye utando mmoja. Hiyo haina mjadala.

Seli zako zina kaspezi-7, nayo inamudu kuikata PARP, protini inayokatwa seli ikijiua. Nzima iko 116, ikikatwa unapata 89. Ni protini kubwa, kwa hiyo ile jeli yako ya 15 iweke kando, tumia ya 8. Na safari hii njia ya HeLa isikosekane. Kingamwili ya PARP tunayo, nitakumegea mikrolita 20. Kwa moja kwa elfu moja unapata mililita 20, zinatosha utando kadhaa ukiwa na mkono mzuri. Njoo kabla ya saa nne, baada ya hapo naingia kikao.

BintiPantoni
Kesho pantoni ya kwanza. Nakuja na termosi ya lambalamba ya mdogo wangu, nimeshaiosha.