Mjadala: Kompyuta kuukuu za shule zetu Lamu, tuzitie SSD za bei ya chini?

Mleta hoja, Langoni
Ndugu zangu, kamati za wazazi zinavutana. Kompyuta za shule zinawaka polepole mpaka kipindi kinakaribia kwisha. Wengine wanataka zitiwe SSD, yaani diski za chipu zisizozunguka, za bei ya chini kabisa, wengine wanasema huko ni kutupa pesa za watu baharini. Mimi nasema zinunuliwe. Kinachoilemea mashine kuukuu ni kutafuta. Diski ya kuzunguka hutumia kama milisekunde 10 kufikia kipande kimoja cha faili, na Windows ikiamka husoma maelfu ya vipande. SSD, hata dhaifu, hufika chini ya milisekunde 1. Tena SSD ya SATA, kiunganishi cha diski katika kompyuta kama hizi, haipiti megabaiti 550 hivi kwa sekunde, iwe ghali iwe rahisi. Mtoto anayechapa insha tofauti ataionea wapi?

Mpiga video za harusi, Mkomani
Kwa insha, sawa. Msije mkamshauri hivyo mtu wa kazi yangu. Hizo SSD rahisi za aina ya QLC hubana biti 4 kwenye seli moja, yaani kijumba kidogo cha kuhifadhia data, kwa hivyo kuziandikia ni kazi nzito. Ili zionekane nyepesi, sehemu yake hupokea data kwa biti 1 kwa seli. Ukimwaga faili za Maulidi za kamera tatu, sehemu ile inajaa, na kasi inaporomoka chini ya diski kuukuu uliyoing'oa. Na kadiri SSD inavyojaa, sehemu ile nayo inapungua.

Fundi, Mokowe
Mnagombania kasi, na mimi kinachonikera ni boksi. Halisemi kilichomo. Mwaka 2021 SSD ya Crucial P2, iliyoanza kuuzwa na TLC, yaani biti 3 kwa seli, ilionekana imebadilishwa kuwa QLC, na jina ni lile lile. Hiyo ni kampuni inayojulikana, sembuse hizi zisizo na jina! Nimefungua moja iliyoandikwa terabaiti 1, ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyobandikwa kwa gundi. Kompyuta inaonyesha terabaiti 1, nawe unaamini, mpaka faili zianze kufunguka zikiwa takataka. Kamati isilipe kabla ya kuijaribu kwa programu ya H2testw, ambayo huandika diski nzima kisha ikaisoma tena. Inachukua saa, lakini muuzaji asiyetaka kungoja keshajibu.

Mwalimu wa kompyuta, Shela
Ahsante fundi. Wazazi wananiuliza kama zitachakaa upesi. Kingston A400 ya gigabaiti 240, ambayo ni ya bei ya chini, imekadiriwa kuandikiwa terabaiti 80 kwa jumla. Darasa likiandika gigabaiti 10 kila siku, hiyo ni miaka zaidi ya 20. Mimi naogopa umeme. Ukikatika SSD ikiwa inaandika, jedwali lake la anwani, linaloonyesha kila data iko wapi, laweza kuharibika, na asubuhi kompyuta haiioni kabisa. Diski ya kuzunguka mara nyingi hutoa sauti ya kukwaruza kwanza, ukapata nafasi ya kuokoa kazi za watoto. SSD haikupi nafasi hiyo.

Mleta hoja, Langoni
Basi mwalimu, SSD rahisi zilizojaribiwa, na kinachobaki kinunue UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika?

Mwalimu wa kompyuta, Shela
UPS kwanza, kaka. Zikibaki pesa za SSD kumi badala ya ishirini, nitawapanga watoto wawili wawili.

Fundi, Mokowe
Na diski moja ya kuzunguka ya bakapu. Hizo mnazozing'oa msizitupe, nileteeni nizipime.