Naomba ushauri: mtoto mwenye mzio wa karanga kwenye soko la vyakula vya mtaani

Habari zenu wadau. Jumamosi nataka kwenda na familia kwenye soko la vyakula la wikiendi, lile la mabanda yaliyobanana na kila mtu anapika mbele ya mteja. Umati na foleni tutavumilia. Kinachoninyima usingizi ni mwanangu wa miaka sita, ana mzio wa karanga.

Upande wa usafi najua pa kuanzia: banda lenye wateja wengi, chakula kinachotoka motoni muda huohuo, maana bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60. Lakini moto hauondoi mzio. Mafuta yaliyokwisha kukaangia kitu chenye karanga, au kijiko kimoja kinachozunguka kwenye sufuria zote, yanatosha kumdhuru. Na mpishi aliyezidiwa na wateja hujibu "hamna karanga" akifikiria viungo tu, hayo mafuta hayafikirii kabisa.

Mliowahi kwenda na mtoto wa namna hii, mlimuulizaje mpishi mkapata jibu la kuaminika? Kufika mapema kabla vyombo havijachanganyika kunasaidia? Au ashibe nyumbani kwanza, kule ale matunda ya kumenya wenyewe tu?

Sindano yake ya adrenalini tunayo, haitoki mkobani. Kumwacha nyumbani sitaki, dada zake wanakwenda na siku hizi anaelewa, inamuuma sana.

Naombeni mawazo yenu.