Mjadala: Tiketi iseme wazi kama onyesho ni laivu au pleibeki?

Mtoa hoja
Wakuu, mtu anayelipa kiingilio ana haki ya kujua mapema kama ataona bendi, au ataona mtu anafuatisha mdomo juu ya wimbo uleule alionao kwenye simu. Napendekeza bango na tiketi viandikwe neno moja kati ya haya: LAIVU, NUSU LAIVU, PLEIBEKI. Tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Unguja, walianza 2004 na msimamo wao ni muziki wa laivu mtupu. Watu wanavuka bahari kuufuata. Wala tatizo hili si letu peke yetu. Julai 1989 wale wawili wa kundi la Milli Vanilli walikuwa jukwaani Bristol, Connecticut, kanda ikakwama na kurudia kipande kimoja cha "Girl You Know It's True" mbele ya umati. Novemba 1990 ikatangazwa kwamba hata kwenye albamu sauti hazikuwa zao, wakanyang'anywa Grammy waliyopewa Februari mwaka huohuo.

Mwandaaji wa matamasha
Mkuu, hesabu hujaipiga. Chukua bendi kamili ya dansi. Drams peke yake zinakula maiki 8: kiki, snea, hai-hati, tamtam tatu, mbili za juu. Ongeza tumba 2, besi 1, magitaa 3, kinanda 2 (kushoto na kulia), tarumbeta na saksafoni 4, waimbaji 5. Tayari chaneli 25, na mixa nyingi za kukodi mikoani ni za 16. Sasa weka wasanii 8 usiku mmoja, kila mmoja na bendi yake, nusu saa ya kubadilisha vyombo kila mara. Ni mabadiliko saba, yaani saa tatu na nusu za ukimya. Nani atakaa? Pleibeki inataka flashi moja na maiki mbili.

Mpiga besi
Kaka, hiyo hesabu umeipiga kwa makusudi ishindwe. Hakuna anayeleta bendi nane. Inawekwa bendi moja ya nyumbani: drams, besi, magitaa mawili, kinanda, waitikiaji wawili. Nyimbo 3 kwa kila msanii ni nyimbo 24. Wapigaji wanaojua kazi wanazimaliza kwa wiki mbili kama watapewa funguo za nyimbo (C, D au nyingine) na mpangilio mapema, si asubuhi ya onyesho. Vyombo havihami, anabadilika mwimbaji tu, dakika 5. Enzi za Redio Tanzania, bendi za NUTA na Mlimani Park waliingia studio wakapiga wote kwa pamoja, na tepu zile bado zinatikisa kumbi. Ila nakiri kwa niaba ya wenzangu: bendi nyingi zinajiharibia zenyewe. Mpiga solo anafungulia ampu, wa ridhimu anajibu, mwimbaji hajisikii, fundi anapandisha maiki, maiki inaanza kupiga mluzi. Geuzeni ampu zielekee pembeni na mzipunguze hadi mwimbaji asikike bila kuongezewa.

Fundi sauti
Mnachanganya vitu. Ipo pleibeki kamili, yenye sauti kuu ndani. Maiki ni pambo. Ipo traki ya shoo: sauti kuu imeondolewa, vikorasi vimebaki. Ipo biti tupu, bila hata vikorasi. Halafu kuna bendi inayopiga juu ya traki kwa kufuata kliki, yaani mlio wa mapigo masikioni mwao. Hii ya nne ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo inayotukanwa bure.

Traki ya shoo ikitengenezwa vizuri haina aibu. Mwambie prodyuza atoe upya wimbo bila sauti kuu, vikorasi avishushe desibeli 6 chini ya vilivyokuwa kwenye rekodi ili mwimbaji awe juu yake, na faili liwe la WAV. Lililotumwa kwa WhatsApp kama sauti limebanwa; kwenye spika kubwa matoazi yanakuwa kama mchanga. Kama spika za ukumbi ni mono (kushoto na kulia zimeunganishwa kuwa sauti moja), sikiliza traki kwa mono kabla ya siku ile: vikorasi vilivyopanuliwa kwa kugeuza fezi (wimbi la upande mmoja kupinduliwa) vinafutana na kutoweka, msanii anabaki anaitikiwa na hewa. Kwa bendi yenye kliki, muziki unakwenda chaneli moja na kliki nyingine, kila moja kwenye kiboksi chake cha DI (kinachounganisha kifaa na mixa), na kliki haigusi spika za watazamaji.

Kosa linaloua usiku mzima ni hili: faili lenye kasi ya sampuli ya 44.1 kHz linachezwa na kifaa kilichowekwa 48 bila kubadilishwa. Wimbo unakimbia kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda zaidi ya nusu toni. Ukiwa kwenye noti ya C, unaangukia kati ya C kali na D. Hakuna gitaa litakalokutana nao, na lawama anapewa mpiga gitaa. Na simu, jamani: kama lazima utumie simu, weka hali ya ndege.

Mpenzi wa taarab
Nanyi mmesahau kutunza. Shabiki akinyanyuka na noti zake, anacheza taratibu kuelekea jukwaani, na nyuma yake wamejipanga kumi. Mwimbaji anarudia ubeti, wapigaji wanamsubiri hadi wa mwisho atoe. Traki ya dakika nne itamsubiri nani? Ndiyo maana hata taarab ya kisasa yenye kinanda kinachopiga kila kitu inahitaji mtu wa kukirudisha kwenye ubeti pale pale.

Mwandaaji wa matamasha
Uwanjani je? Whitney Houston, Januari 1991, Tampa, wimbo wa taifa kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani: sauti iliyosikika ilirekodiwa kabla. Spika ikiwa mita 100 kutoka kwako, sauti inakufikia baada ya karibu theluthi moja ya sekunde. Kwa mwendo wa mapigo 120, umechelewa zaidi ya nusu pigo. Nani ataimba hivyo?

Fundi sauti
Anayevaa monita za masikioni, mzee, zinazomletea sauti bila kuchelewa. Na watu wale walikata tiketi ya mpira.

Mtoa hoja
Basi tuandike vigezo. LAIVU: kila kinachosikika kinapigwa pale. NUSU LAIVU: sauti kuu ni ya pale, mengine yanaweza kuwa traki. Mkataba utaje idadi ya wapigaji na saa ya saundi cheki. Wakipungua, mteja arudishiwe sehemu ya kiingilio.

Mpiga besi
Nusu laivu bila drams na besi vya mtu? Hapo umewafungulia mlango wa uani. Andika angalau wapigaji watatu.

Mwandaaji wa matamasha
Watatu nakubali. Ila nani atakagua, na atalipwa na nani?