Amenifutia mhimili wa nne wa Kosta Rika kwa mate

Chaki Nyeupe:
Ndugu wanajamvi, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Jina silitaji kwa kuwa mnamjua. Ni yuleyule ambaye siku ya kiama atamwomba malaika ampishe amalizie kusoma orodha yeye.

Leo ilikuwa zamu yangu kueleza muundo wa serikali ya Kosta Rika. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba nchi ile ina mihimili minne, yaani Rais na makamu wake wawili, Bunge la watu 57 wasioruhusiwa kuchaguliwa vipindi viwili mfululizo (laiti huyu bwana angekuwa mbunge wa kule, tungepumzika kila baada ya miaka 4), Mahakama, na Baraza Kuu la Uchaguzi, ambalo msimu wa kura ukifika hukabidhiwa na Rais hata amri ya polisi. Akainuka. Akalamba kidole gumba, akafuta neno "minne", akaandika "mitatu". Kwa mate, ndugu zangu!

Nilitaka kuendelea na tarehe 1 Desemba 1948, siku José Figueres, kiongozi wa serikali yao wakati huo, alipogonga nyundo ukuta wa kambi ya Bellavista kutangaza kwamba jeshi limefutwa, kambi ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa. Nilitaka kufika kwenye elimu, ambayo Katiba inaitengea asilimia 8 ya pato la taifa. Nani angenisikiliza? Watu wote walikuwa wakitazama mate yakikauka.

Mla Kashata:
Pole mkuu, ila mate yana haki yake. Ibara ya 9 ya Katiba ya 1949 inataja mihimili mitatu, kisha inalipa Baraza hilo hadhi na uhuru wa mhimili. Wenyewe hupenda kuliita wa nne, lakini kuitwa shemeji si kuoa.

Chaki Nyeupe:
Ibara siikatai. Ninakataa mate.

Kobe Mpole:
Afadhali wewe umefutiwa neno moja. Mimi nilipewa dakika 10 nieleze jinsi wenye mashamba wa kule wanavyolipwa kutunza misitu kwa sheria ya 1996, fedha zikitoka kwa sehemu kubwa kwenye kodi ya mafuta, na bwana huyohuyo akatumia 7 kuuliza kama mwembe wake unastahili malipo.

Bint Ngozi:
Mimi aliniambia kwamba lengo la kumaliza hewa ukaa ifikapo 2050 ni mchezo kwa nchi yenye mito mingi. Umeme wao kweli karibu wote unatokana na maji, upepo na joto la ardhini, lakini magari ya San José, mji mkuu wao, hayanywi maji ya mto, na ndiyo maana mpango waliouzindua 2019 umetanguliza usafiri. Nilipomjibu hivyo alisinzia, akakoroma hadi mwenyekiti akafungua dirisha.

Chaki Nyeupe:
Samahani, uzi huu ulihusu mate.

Mla Kashata:
Subiri kidogo, mkuu. Kobe, huo mwembe ni mmoja au ni shamba zima? Ninauliza kwa sababu kule hata miti inayopandwa katikati ya mazao imewahi kulipiwa.

Kobe Mpole:
Ni mmoja, na umeota upande wa jirani.