Naomba ushauri: mafua ya wakubwa yasimfikie mtoto mchanga

Habari zenu ndugu, mama na baba wa humu. Niko Kadutu, Bukavu. Nina kijana wa sekondari, binti wa darasa la tatu na mtoto mchanga wa miezi miwili. Binti alileta kikohozi kutoka shuleni, kule wanakobanana wanne kwenye benchi moja. Kaka yake naye akashikwa, lakini yeye ni chafya mbili tatu tu halafu mpira unaendelea. Huyo ndiye ananiogopesha: hajioni mgonjwa, akiingia tu anambusu mdogo wake.

Muuguzi wa kituo cha afya alinieleza kwamba kirusi cha RSV kwa wakubwa mara nyingi ni mafua tu, ila kwa mchanga kinaweza kushuka mapafuni. Kinapita kwenye matone ya kikohozi na kwenye mikono pia. Tunanawa kwa sabuni, mchana madirisha wazi. Usiku baridi ya Bukavu mnaijua, tunafunga, na sote tunalala chumba kimoja.

Wenye uzoefu, kijana akishaacha kukohoa, anaweza kuendelea kuambukiza kwa siku ngapi? Na kwenye nyumba ndogo hivi, usiku mchanga mlimtenga vipi?